Bei ya Mwisho

Tangazo niliandika mistari minne, bila chumvi:
Jawa, nyekundu, ya mwaka sabini na nane,
inavuja oili kidogo upande wa kushoto.
Korona elfu arobaini na tano. Radvanice, Ostrava.

Wa kwanza hakunipa hata hujambo.
"Bei ya mwisho?"
Saa tisa na dakika kumi, usiku wa manane.
Asubuhi nikamjibu: bei ya mwisho huja mwisho,
na sisi hata mwanzo hatujaufika.
Akanitumia picha ya kidole gumba.

Wa pili alikuja Jumamosi,
akanipita getini kama mwimo wa mlango.
"Mwenyewe yupo?"
Mwenyewe ndiye huyu, nikamwambia, mwenye grisi kuchani.
"Namaanisha mumeo."
Mume ninaye. Vratislav. Hata baiskeli anaiogopa.
Yuko jikoni anamenya viazi;
ukitaka bei ya viazi, nitamwita.

Mwingine alitaka tubadilishane:
tangi la samaki, lita mia tatu, samaki wakiwemo.
Nikamuuliza wanakwenda kilomita ngapi kwa lita.

Kisha akaja yule mwenye koti la ngozi, na mpwa wake nyuma.
Tairi alilipiga teke kabla hajaniangalia.
Akaihesabu kutu kwa sauti, kipande kwa kipande,
kama mwalimu anayesoma majina ya waliofeli.
Najua, mnunuzi hasifu. Kukosoa ni haki yake.
Ila kuna kukosoa, na kuna kutema mate
kwenye sahani ambayo bado hujaamua kuilia.
"Na hili bonyeo la tangi?"
Bonyeo hilo ni goti la dada yangu Květa,
siku tulipoteleza barabara ya Opava
tukalala mtaroni tukicheka
mpaka mkulima akaja mbio, akidhani tunalia.
Sikumwambia. Nikasema: ni bonyeo.
"Na kwa nini unaiuza?"
Hapo, sijui kwa nini, nilisema kweli.
Nikamwonyesha vifundo vya vidole vyangu,
vilivyovimba kama mizizi ya tangawizi,
nikamweleza jinsi klachi inavyouma asubuhi za baridi.
Akavitazama. Akatabasamu.
"Kumbe una haraka. Basi elfu ishirini."
Akachomoa noti nusu, akazirudisha mfukoni,
kama anayemwonyesha mbwa mfupa.

Nikavuta turubai juu ya usukani, taratibu,
kama unavyomfunika mtoto asisikie.
Geti, nikamwambia, ni lile lile uliloingilia.

Jumanne, mvua, nikasikia hodi.
Yule mpwa. Peke yake, kwa basi,
na helmeti kubwa inayomwangukia machoni.
Anaitwa Radim. Siku ile hakusema neno,
nami nilimdhania bubu au mwoga.
Akachuchumaa ubavuni, asiguse kitu.
"Inapenda kuwashwaje?"

Wiki tatu, watu kumi na mmoja,
na hakuna aliyeniuliza hivyo.

Nikamfundisha: bonyeza kabureta mpaka petroli ichungulie.
Piga mara mbili bure, ya tatu ndiyo.
Kiki yake na gia yake ni chuma kimoja,
usishangae, ukikizungusha kinabadilika kazi.
Alikuwa na elfu arobaini na moja mia tano,
nyingine za sarafu, kwenye soksi.
Nikahesabu kwa heshima ya soksi.

"Nitaipaka rangi nyeusi," akasema, akiwa ameshaikalia,
kijana wa watu, na furaha yake isiyo na breki.
Nikameza. Nyeusi si dhambi.

Nikasimama getini, Vratislav nyuma yangu na kisu cha viazi.
Pale konani penye duka la mikate
injini ikalia juu, ikalia, ikalia,
alichelewa kubadili gia,
na mkono wangu wa kushoto, mtupu,
ukafumba hewani, ukakaza,
ukauma.